Wachimba Visima Bungeni

Arlys Tvedt hakuugombea uenyekiti. Katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wachimba Visima, kule Huron, jimbo la Dakota Kusini, Marekani, alitoka nje ya ukumbi kwenda kujimiminia kahawa, na aliporudi na kikombe chake mkononi akakuta wanaume wameshainua mikono na kuishusha, mambo yamekwisha. Aliyempendekeza ni Gaylen, shemeji yake. Arlys alipomuuliza kwa nini amemtendea hivyo, Gaylen alimjibu kwamba mle ndani ni yeye peke yake awezaye kuzungumza kwa dakika moja nzima bila kutaja injini.

Hakukosea. Mchimba visima si mtu wa maneno. Kutwa mtambo unanguruma sikioni, na jioni akirudi nyumbani ana tope mpaka kwenye kope, hataki kuulizwa chochote. Tangu Norris, mume wa Arlys, alipofariki, Gaylen ndiye aliyeshika mtambo, na Arlys akashika simu, wateja na kila kilichohitaji mdomo. Walifanya kazi pamoja vizuri, wakagombana mara kwa mara, na kila Jumapili wakaketi benchi moja kanisani.

Chama kilikuwa na shida moja kubwa kuliko zote. Huko Dakota Kusini visima vilivyoachwa ni vingi mno. Familia ilihama zamani, nyumba ikaanguka, tangi likaota kutu, na kisima kikabaki mdomo wazi katikati ya nyasi. Mvua ikinyesha, mbolea na mikojo ya ng'ombe hutiririka humo moja kwa moja hadi chini, kwenye maji ambayo jirani anayanywa. Sheria ilimtaka mwenye shamba akizibe, lakini mwenye shamba mara nyingi alikuwa ajuza wa watu aliyebaki peke yake, au mrithi aliyehamia Arizona ambaye hata hajui kama kisima kipo. Wachimba visima walitaka serikali ya jimbo ichangie nusu ya gharama. Jambo lenyewe lilikuwa la haki waziwazi, na Arlys aliamini kulisema tu kungetosha.

Basi Januari akaenda Pierre, kwenye makao makuu ya jimbo, amevaa nguo zake za kanisani, kifuani beji ya watu wanaokuja kuwashawishi wabunge, na kabrasha la takwimu kwapani. Seneta mmoja kijana alikubali kuuwasilisha muswada wake. Ukapelekwa kwenye Kamati ya Kilimo, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Seneta Delbert Kirschenmann, mkulima wa upande wa Faulkton, mtu mzito wa mwili na wa maneno, mwenye vidole vinene kama mahindi. Arlys alisoma takwimu zake mpaka mwisho. Kirschenmann alimsikiliza bila kuandika kitu.

"Mama Tvedt," akasema alipomaliza, "kazi ya kuziba hivyo visima ataifanya nani?"

"Wachimba visima wenye leseni, mheshimiwa."

"Wanachama wako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umekuja hapa kuniomba nichukue kodi ya majirani zangu nikawape wanachama wako."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Arlys akaanza kukusanya karatasi zake. Mjumbe mwingine akatoa hoja kwamba muswada uahirishwe hadi siku ya arobaini na moja, na mikono ikainuka. Bunge lile halikai zaidi ya siku arobaini. Ndivyo wanavyoua muswada kule Pierre, kwa adabu na bila damu. Siku za mwizi ni arobaini, siku ya muswada usiotakiwa ni ya arobaini na moja.

Alitoka nje ya chumba cha kamati, akaketi kwenye benchi karibu na ngazi za marumaru, akaanza kufunga koti lake. Machozi yalikuwa karibu, na hakutaka yamtoke mbele ya wale watu wenye beji waliokuwa wakipita wakisalimiana kwa majina ya utotoni.

"Umekosea vifungo, mwanangu," sauti ikasema pembeni yake.

Alikuwa ni Vernice Oakland. Hakuna mtu wa Pierre asiyemjua Vernice. Umri wake ulikuwa umepita themanini, na kwa miaka mingi alikuwa msemaji wa chama cha wenye maduka ya vyakula. Alikuwa amestaafu, lakini kila bunge likifunguliwa alikuja akaketi kwenye benchi lile na mfuko wake wa kufuma, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nyumbani kulikuwa na paka tu, naye paka hapigi kura. Arlys akafungua vifungo vyake, akavifunga upya, na kabla hajafika cha juu akawa amemsimulia ajuza yule mambo yote.

Vernice hakumpa pole. Alimuuliza kama, kabla ya asubuhi ile, alikuwa akimfahamu mjumbe hata mmoja katika wale saba wa kamati. Hapana. Je, kuna hata mmoja wao anayemjua mchimba visima kwa jina? Arlys hakuwa na hakika.

"Sasa mimi nikija kwenu leo," Vernice akasema, "hunijui, sikujui, sijakwambia hata habari za asubuhi, naanza kukumwagia shida zangu mlangoni. Utanikaribisha?"

"Nitadhani unauza kitu."

"Ndivyo alivyodhani Delbert. Si mtu mbaya yule. Wewe umeanza kwa kuomba. Ungeanza kwa kujulikana."

Akaendelea kufuma huku akizungumza. Alimwambia kwamba kura hazitafutwi mle ndani, mle watu huja kuzihesabu tu. Kura hutafutwa wakati wa kiangazi, huko vijijini, kwenye meza za jikoni na kwenye maonyesho ya kilimo. Mbunge hamsikii mgeni, hata mgeni awe na akili kama kitabu. Humsikia mtu wa kwao, ambaye atakutana naye tena dukani Jumamosi. Na la mwisho alilisema akiwa ameziweka sindano zake mapajani.

"Usimdanganye hata mmoja wao. Hata kwa kunyamaza usimdanganye. Mbunge akisimama pale mbele akasema neno ulilompa wewe, halafu likawa si kweli, umekufa. Utaendelea kutembea kwenye kumbi hizi, lakini utakuwa mzimu."

Arlys aliendesha gari kurudi nyumbani, njia nzima akiyatafuna maneno yale, na alipofika akampigia simu kila mwanachama. Hakuwataka wachange. Aliwataka wajue majina ya wabunge wao, kisha kiangazi wawaalike waje kuona kisima kikichimbwa. Malalamiko yalikuwa mengi. Mmoja alisema mbunge wake ni mpumbavu. Mwingine alisema mbunge wake ni binamu yake, na bado ni mpumbavu. Gaylen alikuja mwenyewe jikoni kwake kupinga.

"Nimwalike seneta aje aniangalie nimepakaa tope hivi?"

"Hivyo hivyo, shemeji. Usioge kwanza."

Wengine walialika, wengine hawakualika. Katika walioalikwa, baadhi walikuja. Mwakilishi mmoja mwanamke kutoka Sisseton, aitwaye Corliss Renville, aliazima kofia ngumu, akauendesha mtambo mwenyewe, na maji yalipobubujika akacheka akalowa mpaka viatuni. Kule Freeman wachimba visima waliwakaangia wabunge wao nyama ya kondoo ya vipande vidogo, iliyonyunyiziwa chumvi ya kitunguu saumu, ile ambayo watu wa huko huapa kwamba haipatikani tamu kama ya kwao popote duniani, na hakuna aliyeuzungumzia muswada. Arlys alikuwa amewakataza. Walizungumza habari za mvua, za bei ya ndama, na za kina cha maji.

Kirschenmann hakuitikia mwaliko wowote. Lakini Agosti simu ya Arlys ililia asubuhi, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa yeye. Maji ya shule ya kijijini kwao yalikuwa yamekatika, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Fundi mmoja alishawaambia wazazi kwamba kisima kimekufa, inabidi kichimbwe kipya. Seneta alisema kwa mkato kwamba hamjui mchimba visima mwingine ila yule mama aliyemkatalia muswada wake. Arlys alimtuma Gaylen siku ile ile.

Gaylen alishinda pale uwanjani na nyaya zake, akavuta bomba, akachungulia, akarudisha. Jioni alimwambia seneta kwamba kisima kile kina afya kuliko wao wawili, kilichokufa ni pampu tu. Akawafungia nyingine, akaenda zake. Alipomsimulia Arlys hakutia chumvi yoyote. Kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Majira ya baridi yaliyofuata, Vernice alimshauri Arlys asipeleke muswada kabisa. Aende tu, aketi, asikilize, aulizwapo ajibu. Arlys alitii, ingawa baadhi ya wanachama walinung'unika kwamba wamemtuma mtu akakae bure. Jumamosi, wabunge waliporudi makwao na kukutana na wapigakura kwenye kumbi za miji, wachimba visima nao walikwenda, wakanywa kahawa na kula donati, wakauliza maswali mawili matatu ya adabu. Polepole wakaanza kuitwa kwa majina.

Kule Pierre wabunge hawana ofisi. Ukimtaka mmoja, unaandika jina lake kwenye kikaratasi, kinapelekwa ndani ya ukumbi, naye akipenda anatoka. Arlys alikuwa amezoea kupeleka vikaratasi. Februari ile, akiwa kwenye benchi na Vernice, aliletewa kimoja. Kirschenmann alikuwa akimwita yeye.

Alimkuta kwenye kona ya ukumbi, amesimama dirishani. Seneta alikuwa na muswada wa mtu mwingine mkononi, ambao ungemlazimisha kila mwenye kisima cha nyumbani kukikaguza kila mwaka kwa mchimba visima mwenye leseni. Aliyeuleta alisema ni kwa ajili ya afya ya watu. Kirschenmann alitaka kujua Arlys anauonaje.

Arlys alijua wanachama wake wanauonaje. Walikuwa wakiupigia makofi. Muswada ule ungewapa kazi ya uhakika msimu mzima, hata wakati ardhi imeganda na mitambo imelala. Angeweza kusema tu kwamba ukaguzi ni jambo jema, na usingekuwa uongo. Alimkumbuka Vernice pale benchini, ameweka sindano zake mapajani.

"Kwa mifuko yetu ni mzuri, mheshimiwa," akasema. "Kwa watu, sioni faida yake. Mtu akijaza chupa ya maji akaipeleka maabara, atajua mengi kuliko mimi nikija kuchungulia kisima chake kila mwaka."

"Kwa hiyo wanachama wako hawautaki."

"Wanautaka sana. Umeniuliza mimi ninavyojua, ndivyo ninavyokwambia."

Kirschenmann akaukunja muswada, akautia mfukoni, akamshukuru kwa sauti ndogo. Wiki ile ile muswada ukaahirishwa hadi siku ya arobaini na moja, na mjumbe mmoja akataja hadharani kwamba hata mwenyekiti wa wachimba visima haoni haja yake.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Gaylen alikuwa akimngoja jikoni, hajavua hata koti.

"Tumekuchagua utusemee, shemeji. Hatukukuchagua utusemee mbovu."

"Aliniuliza kama una faida. Wewe ungemjibu nini?"

"Ningemwambia akamuulize mtu mwingine."

"Pale shuleni hukumwambia akamuulize mtu mwingine. Ungeweza kumchimbia kisima kipya, na asingejua."

Gaylen akaondoka bila kunywa kahawa. Kwa wiki kadhaa walizungumza habari za kazi tu, na Jumapili aliketi benchi jingine. Hilo lilimuuma Arlys kuliko matusi ya simu aliyopigiwa na wanachama wengine. Kuna siku alimwambia Vernice kwamba anafikiri kuacha. Vernice alimwambia aache kama amechoka, lakini asiache kwa sababu amesema kweli, maana hiyo ingekuwa sababu mbovu.

Mkutano wa Huron ulipofika tena, hoja ya kumwondoa ilikuwa ya kwanza. Watu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema maneno makali, na Arlys akaketi mbele, mikono mapajani, akijiambia kwamba atakwenda nyumbani salama hata iweje. Kisha Gaylen akainuka. Ukumbi ukatulia kwa mshangao, kwa sababu Gaylen hakuwahi kusema kitu mkutanoni isipokuwa kumpendekeza shemeji yake.

"Mimi bado nina hasira naye," akaanza. "Yeye anajua. Lakini nitawaambia kitu. Nimechimba maisha yangu yote. Nimewaambia watu ukweli kuhusu maji yao, nao wakaenda kumuuliza mtu wa pili na wa tatu. Mwezi uliopita Kirschenmann alinipigia simu, ng'ombe wake hawapati maji. Nikamwambia ni nini. Akasema sawa, Gaylen. Basi. Aliliamini neno la kwanza. Kabla ya huyu kwenda Pierre, hakuna mtu wa kule aliyewahi kuniamini neno la kwanza. Sasa nyinyi mkitaka kumtoa mtoeni, lakini mimi simtoi."

Akaketi, uso umemwiva. Hawakumtoa. Wakati wa chakula Gaylen alikuja akaketi kando ya Arlys, akamsogezea chumvi kabla hajaombwa, na Arlys akala akitazama sahani yake ili asionekane macho.

Januari ya tatu muswada wa kuziba visima ukarudi. Safari hii ulikuwa na majina ya wabunge wengi chini yake, wa vyama vyote viwili, na la Corliss Renville wa Sisseton lilikuwa la kwanza. Arlys hakupanga kusoma takwimu. Alikuwa amemwomba mama mmoja kijana wa karibu na Faulkton, Shawna Haase, aje kuzungumza, na wachimba visima kutoka kila pembe wakaahidi kuja kuketi nyuma yake. Kamati ilipouitisha Februari, Arlys alitangulia Pierre. Gaylen ndiye aliyekwenda kumchukua Shawna, ili wasafiri na wenzao wa Huron.

Theluji ilianza kabla hawajafika. Upepo ukaigeuza kuwa tufani, mpaka dereva haoni boneti ya gari lake, na serikali ikafunga barabara. Msafara wote ukakwama Highmore, mji mdogo njiani. Kina mama wa kanisa la pale waliwafungulia ukumbi wa chini, wakawapikia supu, wakawatandikia mablanketi sakafuni kati ya meza za kukunja. Gaylen alimpigia Arlys simu asubuhi ya siku ya kikao, akamwambia kwamba wote ni wazima, wameshiba kupita kiasi, na hawatafika.

Arlys aliingia kwenye chumba cha kamati peke yake. Viti vya nyuma vilivyongoja watu wake vilikuwa vitupu. Wabunge saba walikuwepo, na ratiba ilikuwa imebana, kwani muda wa Seneti kumaliza miswada yake ulikuwa ukingoni. Zamu yake ilipofika alisimama akasema ukweli, kwamba watu waliokuwa njiani kuja kusema na kamati wamelala kanisani Highmore na barabara imefungwa, na kwamba yeye atasema kwa niaba yao kadiri atakavyoweza. Mjumbe mmoja akainua mkono, na Arlys alimjua. Ni yule yule aliyetoa hoja ya siku ya arobaini na moja mara ya kwanza.

Kirschenmann hakumpa nafasi.

"Sijawahi kuzika muswada ambao wenyewe wamekwama njiani," akasema, "na sitaanzia leo. Tutausikiliza kesho asubuhi."

Mjumbe mwingine akamkumbusha kwamba ratiba ya kesho imejaa.

"Basi tutaamka mapema. Wewe si una ng'ombe? Unaamka mapema."

Akagonga nyundo yake, akaita muswada mwingine. Arlys alibaki amesimama pale mbele mpaka mtu akamgusa kiwiko ampishe njia. Alitoka nje, na kwenye benchi hakukuwa na Vernice, kwa kuwa mwaka ule miguu ilikuwa imemkataa na alihamia kwenye nyumba ya wazee mtaa wa chini. Arlys akaketi mahali pa Vernice, akafunika uso wake kwa kiganja. Safari hii aliyaacha machozi yatoke.

Kesho yake gari la kusukuma theluji lilitangulia kutoka Highmore, na malori ya wachimba visima yakalifuata nyuma kama vifaranga. Waliingia chumba cha kamati na viatu vizito, nywele zimesimama kwa kulala sakafuni, wakinukia supu na dizeli, wakajaza viti vyote na wengine wakasimama ukutani. Shawna Haase alikwenda mbele. Alikuwa mwembamba, na alizishika kingo za meza kana kwamba chumba kinayumba.

Alieleza kwa ufupi. Walihamia nyumba ya babu ya mumewe, mtoto wao akiwa na miezi mitatu. Maziwa ya unga alikuwa akiyakoroga kwa maji ya bomba la jikoni, yanayotoka kisimani. Siku moja akaona midomo ya mtoto imekuwa ya samawati, na vidole vyake pia. Walikimbia hospitali Aberdeen, na daktari wa zamu, Mungu ambariki, akauliza swali la kwanza kuhusu maji. Mbolea ilikuwa imeingia kwenye maji yao kupitia kisima cha kale kwenye shamba la jirani, kisima ambacho hakuna aliyekumbuka kama kipo. Jirani mwenyewe aliwaomba msamaha akilia. Alikuwa mzee wa miaka mingi, na hakuwa na uwezo wa kukiziba.

"Sikuja kumlaumu mtu," Shawna akasema. "Ningetaka tu mwingine asione alichoona mtoto wangu. Na hawa," akawageukia watu wa nyuma, "jana walinipa godoro lao la pekee. Nawashukuru."

Kirschenmann aliinama mbele. Alimjua binti huyu, alikuwa mpigakura wake, na baba yake alikuwa amesoma naye.

"Shawna, mtoto yuko wapi sasa?"

"Yuko kwa bibi yake, mheshimiwa. Juzi alimvuta paka mkia akakwaruzwa pua."

Chumba kilicheka, kicheko cha watu walioshusha pumzi. Kisha wakapiga kura. Muswada ulipita kwa kura nne dhidi ya tatu. Miongoni mwa zile tatu, sauti iliyosema hapana kwa uzito kuliko zote ilikuwa ya Kirschenmann.

Wachimba visima walipeana mikono na kupigana mabegani. Arlys alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na mshangao ndani yake, na hakuelewa mpaka baadaye kwa nini aliyeuokoa muswada ndiye aliyeupinga. Muswada ulipita Seneti, ukapita bunge la wawakilishi, na Machi gavana akautia saini. Fedha walizopewa zilikuwa chache kuliko walizoomba. Zingeziba visima vingi, lakini si vyote, na mwaka ujao wangelazimika kurudi.

Vernice alikuwa amemfundisha kwamba ukimaliza, unashukuru wote, na waliokukatalia unaanza nao. Basi asubuhi ya siku ya mwisho ya bunge Arlys akamchukua Gaylen, wakakaa kwenye kona ya ukumbi, wakapeleka kikaratasi. Gaylen alilalamika kwa kunong'ona kwamba haelewi anamshukuru mtu kwa kumnyima nini. Kirschenmann alitoka akiwaangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayetarajia kugombezwa.

"Nimekuja kukushukuru, mheshimiwa," Arlys akasema. "Kwa ile asubuhi. Ungetaka, tungekwisha siku ile."

Seneta alijikuna shavu. Alisema kwamba wakati wa uchaguzi aliwaahidi watu wake hatafungua mfuko mpya wa serikali, na watu wale walimchagua kwa neno hilo. "Ahadi ni ahadi," akasema. "Ila sikuwaahidi kwamba nitaziba masikio." Akapunguza sauti. "Mama Tvedt, nimekuwa humu miaka mingi. Sijawahi kushukuriwa kwa kura ya hapana."

"Sijakushukuru kwa kura," Arlys akasema, na Kirschenmann akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akamgeukia Gaylen, akamuuliza kama Mei ana nafasi, kwani kwenye shamba la babu yake kuna kisima cha zamani, na anataka kukiziba kwa gharama yake mwenyewe, asije akaambiwa amekula kwenye mfuko alioukataa. Gaylen alisema nafasi ipo. Walipokuwa wakishuka ngazi alikiri, bila kumtazama Arlys, kwamba kushukuru huku si kubaya kama alivyodhani.

Mchana ule walikwenda kumwona Vernice. Alikuwa kitini karibu na dirisha, amefunikwa blanketi, mdogo kuliko walivyomkumbuka. Arlys alimletea pai ya cheri. Alimsimulia yote tangu mwanzo, tufani, kanisa la Highmore, nyundo ya Kirschenmann, paka wa bibi, na Vernice alisikiliza amefumba macho, akitabasamu mahali panapostahili. Arlys akamshika mkono.

"Nisingejua hata pa kuanzia, mama. Ulinikuta nimekosea vifungo."

"Hata mimi kuna mtu alinionyesha," Vernice akasema. "Alishafariki. Sikuwahi kumshukuru vya kutosha, kwa hiyo nazipokea shukrani zako, na zake pia." Akafumbua macho. "Yule Corliss wa Sisseton, aliyekuwa wa kwanza kutia jina. Mumewe amelazwa, amepasuliwa nyonga. Ulijua?"

Arlys hakujua.

"Bunge limefungwa, huna la kumwomba. Ndio wakati mzuri wa kwenda."

Jumapili, baada ya ibada, Arlys alipika bakuli kubwa la nyama ya kusaga na viazi, akalifunga kwa taulo lisipoe. Gaylen alikuja na lori, akaliweka bakuli katikati ya kiti, akauliza kama Sisseton ni mbali sana kwa chakula kubaki cha moto. Arlys alimwambia wakiondoka sasa hivi kitafika na joto lake. Barabarani theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji yakimetameta mitaroni, na walizungumza njia nzima, habari za Norris, habari za kisima cha Mei, na kuhusu nani mwingine ambaye bado hawajamshukuru.